Mpendwa, soma lebo kabla hujaiweka hiyo chupa mezani



Leo sitahubiri sana. Nataka tuzungumze juu ya divai isiyo na kileo, ile nyekundu, ambayo siku hizi imejaa kwenye rafu za supamaketi na kwenye harusi zetu sisi tuliookoka. Najua wengine mmeshakunja uso. Pasta naye ameanza habari za divai? Kaa hapo kidogo. Nina sababu, na sababu yenyewe inaniuma mpaka leo.

Mwaka juzi, Jumapili ya Pasaka, niliamua Meza ya Bwana iwe na heshima kidogo. Kwa miaka mingi tulikuwa tunatumia Ribena iliyochanganywa na maji kwenye jagi la plastiki. Sasa mimi nimepita chuo cha Biblia, na kila nikilitazama lile jagi dhamiri ilikuwa inanisumbua, kwa sababu Ribena haitokani na zabibu. Inatokana na tunda lingine dogo jeusi la vichakani huko Ulaya. Bwana wetu, ukisoma Mathayo 26, alizungumza juu ya uzao wa mzabibu. Basi nikaingia supamaketi moja hapa mjini, nikaona chupa nzuri ya kioo, shingo ndefu, picha ya shamba la mizabibu, na maneno makubwa mbele kwamba haina kileo. Bei ilipita shilingi 1,000. Nikachukua nne. Nilitoka pale nikijiona nimemheshimu Mungu.

Sikusoma maandishi madogo ya nyuma. Sikufungua hata moja nionje.

Kuna ndugu mmoja katika kanisa letu, sitasema jina lake wala mtaa wake, ambaye Bwana alimtoa kwenye pombe baada ya miaka mingi ya machozi nyumbani kwake. Pasaka hiyo alikuwa na miezi 11 bila kuonja. Wewe uliye na mtu wa namna hiyo kwenu unajua miezi 11 ni nini. Mashemasi wakapitisha vikombe. Akapokea chake, akakisogeza mdomoni, halafu mkono ukasimama hapo hapo. Nilimwona kutoka madhabahuni. Hakunywa. Akakiweka kikombe chini ya kiti, polepole, akatoka nje. Mimi nikadhani ameitwa kwenye simu, nikaendelea na maombi.

Baada ya ibada nilimkuta nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji. Aliniambia neno moja tu: "Pasta, hiyo harufu naijua."

Saa tano usiku simu yangu ikalia. Alikuwa amesimama nje ya baa. Hakuwa ameingia, Mungu ni mwema, lakini alikuwa amesimama hapo kwa muda, na miguu ilikuwa inakataa kurudi nyumbani. Nilimwazima mzee mmoja wa kanisa gari lake, nikaenda. Tulikaa ndani ya lile gari mpaka saa nane, bila mahubiri, tukizungumza habari za mahindi na watoto wake na mpira. Alfajiri nilipofika nyumbani nilichukua chupa iliyobaki, nikavaa miwani, nikasoma lebo kama mtu anayesoma barua ya korti. Iliandikwa kwa herufi ndogo kwamba ilikuwa divai kamili iliyotolewa kileo, na kwamba kilichobaki hakizidi asilimia 0.5.

Kwa hiyo hawakunidanganya. Mimi ndiye niliyekuwa mchungaji asiyesoma.

Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza, na nimeonja chupa nyingi kuliko mama mchungaji anavyopenda. Wacha nikugawie.

Mpendwa, vitu viwili tofauti kabisa vinauzwa vikiitwa divai isiyo na kileo, na sisi tunavichanganya. Cha kwanza ni juisi ya zabibu ambayo haikuwahi kuchacha. Ganda la zabibu, hata likiwa shambani, hukaliwa na hamira ya asili. Ukiiponda zabibu ukaiacha, hamira inaanza kula sukari na kutoa kileo, na hapo umepata divai hata kama hukukusudia. Mwaka 1869 daktari mmoja wa meno huko Vineland, New Jersey, Marekani, Mmethodisti aitwaye Thomas Bramwell Welch, alichukua elimu ya Louis Pasteur kuhusu joto linavyoua vijidudu hivyo, akaitumia kwenye juisi ya zabibu. Aliikamua, akaichuja, akaitia kwenye chupa zilizozibwa, akazitia chupa kwenye maji yanayochemka. Hamira ikafa, juisi ikabaki juisi. Na unajua alifanya hivyo kwa ajili gani? Kwa ajili ya Meza ya Bwana. Biashara kubwa ilikuja baadaye, mikononi mwa mwanawe Charles. Mwanzo wake ulikuwa shida kama yangu na yako: kikombe cha ushirika kisicho na kileo ndani yake.

Cha pili ni divai kamili. Imechachishwa, imekuwa pombe, pengine imekaa kwenye pipa, ndipo kileo kikatolewa. Ukiichemsha divai kwenye sufuria unaiharibu, kwa maana kileo huchemka kwenye nyuzi 78 na kwa joto hilo ladha yote inageuka kuwa ya jemu iliyoungua. Ndipo wakagundua kwamba ukipunguza hewa ndani ya mtambo, kileo kinaruka kwenye nyuzi 30 hivi tu, joto la mchana wa kawaida Mombasa. Carl Jung wa Rüdesheim kule Ujerumani alipata hataza ya njia hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 (si yule daktari wa mambo ya akili, ni majina tu yamefanana). Wengine leo wanaisukuma divai kwa nguvu kwenye chujio laini sana linalotenganisha kileo na vingine. Zote ni njia nzuri. Lakini kinachotoka upande wa pili kilikuwa divai, kinanukia divai, na mara nyingi kina mabaki kidogo.

Sasa, asilimia 0.5 ni kitu?

Nitakuwa mkweli, hata kama baadhi ya wachungaji wenzangu hawatapenda. Kwa kulewesha, si kitu. Bia ya kawaida ya asilimia 5 ni mara kumi ya hapo. Mkate wa dukani na ndizi iliyoiva sana vina chembe za kileo, na hakuna aliyewahi kutengwa na kanisa kwa sababu ya ndizi. Kwa hiyo ukimwona dada yako wa kwaya amebeba chupa ya namna hiyo kwenye toroli ya supamaketi, usikimbilie simu kumpigia katibu wa kina mama. Mimi mwenyewe nimewahi kuificha chini ya unga wa ugali nikiwa kwenye foleni, kwa kuogopa macho ya washirika, na nilipoona aibu ile nilijiuliza kama nilikuwa namwogopa Mungu au namwogopa Mama Nani.

Lakini asilimia si hesabu yote. Kwa mtu aliyetolewa kwenye pombe, mlango unafunguliwa na harufu, na uzito wa kile kinywaji ulimini, na ile chupa yenyewe yenye shingo ndefu. Harufu haijaandikwa kwenye lebo kwa asilimia. Tena kuna dawa ambazo hospitali huwapa baadhi ya wanaoacha pombe, na dawa hizo hugombana na kileo hata kikiwa kidogo sana. Mtu kama huyo anaweza kuugua kwa sababu shemasi alitaka meza ipendeze.

Ndiyo maana nasimama hapa: kwenye Meza ya Bwana, tumia juisi ya zabibu ambayo haikuchacha. Usitumie divai iliyotolewa kileo, hata kama imeandikwa 0.0. Sijasema ni dhambi. Nasema meza ile ni ya wote, na kama kuna mmoja asiyeweza kuinua kikombe bila vita, basi kikombe kimewekwa vibaya.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni amenipinga juu ya hili, na hoja yake si ya kitoto. Anasema kule Kana Bwana aligeuza maji kuwa divai, hakuyageuza kuwa juisi. Anasema tena: zabibu za Palestina huvunwa mwisho wa kiangazi, Pasaka huja miezi mingi baadaye, na friji hazikuwepo wala Pasteur hakuwa amezaliwa. Kile kikombe cha usiku ule kingewezaje kuwa kitu kisichochacha? Mimi simbishii. Nadhani kuhusu historia yuko sawa, na mhubiri anayesema vinginevyo kwa sauti kubwa huwa anatafuta ushindi. Lakini Paulo alipowaandikia Wakorintho, sura ya 11, aliwakemea kwamba wengine walikuwa wanalewa pale pale kwenye meza. Na kwa Warumi, sura ya 14, anasema wazi kwamba ni vyema kuacha hata nyama na divai kama inamkwaza ndugu. Uhuru wangu ninao, lakini ndugu yangu alisimama nje ya baa saa tano usiku.

Kwa upande mwingine wapo wanaotaka kufunga kila kitu chekundu chenye shingo ndefu. Hao nawakumbusha Wanadhiri wa Hesabu 6. Walikatazwa divai, na siki, na juisi, na zabibu mbichi, na zabibu kavu. Ukitaka kuishi hivyo, ishi, lakini basi na ile keki ya harusi yenye zabibu kavu uipitishe kwa jirani.

Tuje nyumbani na harusini, maana huko ndiko maswali mengi yanatoka. Kama nyumbani kwako hakuna mwenye vita hiyo, na unataka kitu cha kunywa na nyama siku ya sikukuu kisicho soda, sioni ubaya. Ila chagua kama mtu mzima, na uonje kabla hujanunua katoni.

Geuza chupa kwanza, usome nyuma. Tafuta kama ni juisi au ni divai iliyotolewa kileo, na kama ni 0.0 au ni 0.5. Halafu tafuta sukari. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Kileo ndicho huipa divai uzito mdomoni. Kikiondolewa, kinywaji kinakuwa chepesi kama maji yaliyosuuza glasi, kwa hiyo watengenezaji wengine hurudisha uzito kwa sukari au kwa juisi ya zabibu iliyokolezwa. Juisi halisi ya zabibu nayo, bila kuongezwa chochote, ina takriban gramu 15 za sukari katika kila mililita 100. Kikombe cha ushirika ni kidogo, hakina neno. Lakini glasi ya harusi ya mililita 200 ni gramu 30, yaani kama vijiko saba vya chai, na wazazi wetu wenye kisukari wanajaziwa glasi mara tatu kwa sababu tumewaambia haina kileo. Mpendwa, hapo tunamuua mama kwa upendo.

Kuonja kwenyewe hakuhitaji shule. Chukua glasi safi isiyo na rangi, mimina kidogo, iinamishe mbele ya karatasi nyeupe. Nyekundu iliyokolea au ya zambarau ni dalili njema. Ikielekea kahawia, imezeeka au hewa imeingia. Nusa. Unatafuta tunda. Ukipata harufu ya jemu iliyokaa sana jikoni, joto lilizidi kiwandani. Ukipata siki, irudishe dukani. Halafu kunywa kidogo na uishikilie mdomoni, usimeze haraka kama dawa ya mtoto.

Sikiliza ulimi. Unaijua strungi iliyosahaulika jikoni na majani ndani, ile inayokausha ulimi na ufizi? Kinachokukausha ni tanini, na zabibu nyekundu inayo kwenye maganda na mbegu. Kwenye divai iliyotolewa kileo, tanini ndiyo inayobaki kushikilia kinywaji kisianguke. Kwa hiyo mimi nikiona jina la zabibu kwenye lebo huanza na Cabernet Sauvignon, yenye tanini nyingi, kwa chakula cha nyama yenye mafuta. Merlot ni laini zaidi, na mtu aliyezoea soda ataikubali haraka. Meza, halafu hesabu kidogo. Kama kilichobaki mdomoni ni utamu peke yake, hiyo ni juisi ya bei ghali iliyovaa suti. Nunua juisi.

Usiinywe imetoka kwenye buti la gari lililoshinda juani, na usiigandishe pia, maana baridi kali huifanya tanini iwe kali zaidi. Nusu saa kwenye friji inatosha. Na ukishaifungua, siku tatu, imalize. Haina kileo cha kuilinda. Tuliwahi kuwa na shemasi, mtu mwaminifu sana, aliyeona ni hasara kumwaga juisi ya zabibu iliyobaki baada ya ushirika. Akaifunga vizuri, akaiweka kwenye kabati la ofisi ingojee mwezi ujao. Siku tulipoifungua kizibo kiliruka mpaka kwenye dari. Tulikuwa tumejitengenezea pombe ndani ya ofisi ya mchungaji. Tulicheka, lakini ingepita mikononi mwa mtu asiye makini, ingefika mezani.

Neno moja kwa vijana. Naona siku hizi harusini watoto wa miaka 12 wanapewa zile glasi ndefu, wanafundishwa kuzungusha na kunusa, wanapigwa picha. Mimi hapo nasita. Mtoto ambaye hajawahi kuitamani ile ladha, kwa nini nimfundishe kuitamani halafu nimwambie asiende kuitafuta ya kweli? Mpe juisi kwenye bilauri ya kawaida. Wazazi wengine wataona ninazidisha, na pengine ninazidisha.

Sasa sisi tunafanya nini? Tunatengeneza yetu. Soko letu hupata zabibu nyeusi, nyingi za Afrika Kusini na Misri, na ndugu zetu wa Tanzania wanazo za Dodoma. Mama mchungaji anaziosha, anatoa vijiti, anaziponda kwenye sufuria na maganda yake, kwa sababu rangi iko kwenye ganda. Anazipasha moto polepole mpaka mvuke utoke lakini zisitokote, kama nyuzi 80, anakamua kwa kitambaa safi, anaipasha tena juisi, anaimimina ingali moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, anaziba. Tuko kama watu 120. Kila mmoja mililita 15, hiyo ni lita 1.8. Kilo tatu za zabibu zinatutosha, na ni nafuu kuliko zile chupa zangu nne za fahari.

Wewe mchungaji mwenzangu unayesoma hapa, kabla ya kupitisha vikombe, watangazie watu kilichomo. Inachukua nusu dakika. Na wewe mshirika, ukiwa ugenini na hujui kilichomo, muulize shemasi. Hujamkosea Roho Mtakatifu kwa kuuliza.

Yule ndugu anakaribia miaka mitatu sasa. Mara ya kwanza tulipotengeneza juisi yetu, sikuipeleka kanisani. Nilimpelekea yeye kwanza nyumbani kwake, siku ya Alhamisi, chupa moja ndogo. Nilimweleza nilichofanya mwaka ule na nikamwomba msamaha mbele ya mke wake, kwa maana nilikuwa sijawahi kuutamka. Akaishika ile chupa, akainusa kwa muda mrefu sana, mimi moyo wangu uko kooni. Akaonja. Akaniambia, "Pasta, hii ni tamu mno, nani amewawekea sukari?" Hatukuwa tumeweka hata punje.

Ushirika ni Jumapili ya kwanza ya mwezi kama kawaida. Mama mchungaji ameniomba niwakumbushe: mwenye chupa za kioo zenye kifuniko kizima, azioshe na azilete kanisani kabla ya Ijumaa. Tafadhali zisiwe za dawa, wala zile za Pasaka ya mwaka juzi, hizo tulishazipeleka kwa mzee wa chupa.

Ubarikiwe.